Akitekti aliyetuchorea paa la uwanja wa skeiti Kayole: nyota nne na nusu

Hii rivyuu nilimuahidi jamaa tangu mwezi wa nane, leo ndio nimepata nafasi. Mi ni mweka hazina wa kikundi cha vijana huku Kayole, tuko na uwanja wa skeiti wa zege tuliomwaga wenyewe kidogo kidogo, mita 30 kwa 18, na adui wetu mkubwa ni mvua. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, halafu tena mwezi wa kumi mpaka mwaka uishe, zege likilowa gurudumu halishiki na mtoto anaenda chini na kiwiko. Kabla tupate letu watoto walikuwa wanapanda mat mbili kuvuka tao mpaka Kangemi kwenye uwanja wa skeiti wa Shangilia, unawangoja mpaka saa mbili usiku roho iko juu. Kwa hivyo tukachanga tuweke paa.

Sisi tulidhani paa ni nguzo na mabati, unaita welda, imeisha. Lakini ukishafunika na watu wa nje wanaingia, hapo umejenga jengo la kukusanya watu na unapitia njia ile ile ya kanisa ama ukumbi: michoro inaenda kaunti, injinia anatia sahihi nguzo na trasi (zile fremu zinazobeba mabati), mradi unasajiliwa NCA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na mwisho unatafuta cheti cha kukalia kabla hujafungulia mtu. Na kanuni zenyewe ni mpya, ni zile za ujenzi za 2024 zilizoanza kufanya kazi Machi 2025, kabla ya hapo nchi ilikuwa inatumia za 1968.

Mtu wa kwanza tuliyempa kazi simtaji. Alichukua elfu 45 akatuletea mchoro ambao ukiuangalia vizuri ni ukumbi wa harusi. Nguzo mbili katikati ya uwanja, milango miwili yote upande wa barabara mita nne kutoka mmoja hadi mwingine, na reli kuzunguka kila kitu kilichoinuka mpaka mbele ya kwotapaipu, ile rampu iliyopinda, pale pale mtoto anaposhukia. Nikamuuliza sasa atashuka aje, akaniambia sheria inataka reli. Hakuwahi kukanyaga uwanja hata siku moja na hiyo ndio iliniuma kuliko pesa.

Huyu wa pili tulionyeshwa na fundi wa trasi. Siku ya kwanza alikuja saa kumi na moja jioni watoto wakiwa wametoka shule, akakaa kwenye tofali saa nzima hajachora kitu. Halafu akaomba chaki. Akamwambia binti mmoja wa miaka kumi na mbili, "Mami, nionyeshe ukitoka pale juu unaishia wapi," na kila mtoto akishuka yeye yuko nyuma yake ameinama anavuta mstari. Giza likiingia sakafu ilikuwa imejaa mistari ya chaki kama ramani, na kulikuwa na pembe mbili tu ambazo hakuna mstari umepita. Akasimama kwenye moja akasema mlango mmoja ni hapa, mwingine ni ule upande. Zimekaa kimshazari na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu kutoka pembe hadi pembe uwanja wetu ni mita 35 na alisema milango ya kutokea itengane angalau nusu ya hiyo, yaani 17 na nusu, ndio moto ukifunga mmoja watu wakimbilie mwingine. Na hakuna mtu anakimbia kupita mahali rampu inamwaga watu.

Kuhesabu watu ndio kulinifungua macho zaidi. Alichukua kipimo cha kanuni za ujenzi za Marekani, IBC, ambazo zina mstari wake kabisa wa viwanja vya kuteleza: ndani mtu mmoja kwa futi 50 za mraba, pembeni wanaposimama watu ni futi 15. Kwa mita za mraba ni kama 4.6 na 1.4. Uwanja wetu ukatoa watu 116, ile sehemu ya watazamaji ya mita 60 za mraba ikatoa 43, akaandika 160. Nikashtuka, maana siku ya kawaida tuko kama 25. Akaniambia usihesabu siku ya kawaida, hesabu ile Jumamosi ya mashindano mvua inanyesha ghafla na mama mboga na watu wote wa steji ya matatu wanakimbilia chini ya paa lako. Ni kweli kabisa, huku kwetu hivyo ndivyo itakuwa. Wakizidi 49 milango lazima iwe miwili na ifunguke kwenda nje, kwa hivyo mageti yetu ya waya yaliyokuwa yanavutwa ndani yamegeuzwa bawaba.

Ile ya reli aliitatua kwa kufikiria. Deki yetu, pale juu ya rampu watoto wanapoanzia, iko mita 1.5 juu, na mahali pa kuanguka panapozidi sentimita 76 panahitaji kizuizi cha sentimita 107. Akaweka nyuma na pande zote mbili, mbele akaacha wazi na akaandika barua kwa kaunti kueleza kwamba ukingo huo ndio mahali pa kazi, sawa na mbele ya jukwaa ambapo huweki reli kati ya kwaya na watu. Chini ya reli akaongeza ubao wa sentimita 15 ambao hata sisi hatukuwa tumeuwaza, skeitbodi ikimponyoka mtu isipite ikampiga mtoto aliyekaa huko nyuma.

Nguzo zote ziko nje ya zege, trasi saba kila mita tano zinaruka mita 18 zote, na mabati yametokeza mita moja na nusu kila upande mvua ya upepo isiingie. Upande wa stejini sakafu imepanda sentimita 45, akapigia hesabu ya moja kwa kumi na mbili (kupanda sentimita moja kwa kila kumi na mbili za urefu) rampu ya kiti cha magurudumu ikatoka mita 5.4. Tuko na kijana mmoja wa kiti, ameshaanza kuuliza itaisha lini.

Nusu nyota nimekata kwa simu. Akiwa saiti nyingine hashiki siku tatu, na kaunti iliporudisha michoro wakiuliza mitungi ya kuzimia moto na mahali pa kukusanyikia tulikaa wiki tukimtafuta, halafu alipopatikana akaimaliza kwa siku moja. Pia kuprinti ni juu yako, uliza mapema. Ada yake ilikuwa 120,000 kwa awamu tatu, na hiyo ya mwisho hakuitaka mpaka muhuri ulipogongwa.

Sasa welda yuko trasi ya tatu. Anayetaka namba yake aje uwanjani jioni nitampa, na siku atakapokuja kwenu mwambieni aje watoto wakiwepo, na chaki muwe nayo tayari.