Goodnight Moon na binti yangu: miezi minne ya kumtafuta panya

Kitabu hiki tunakisoma kila usiku, huu mwezi wa nne. Siku ya kwanza nilipokifungua, nusura nikirudishe dukani. Hakina kisa! Sungura mdogo yuko kitandani, vinaagwa usiku vitu vyake vyote vya chumbani: viti, saa, soksi, chanuo, bakuli la uji. Basi. Nikajiuliza, hiki ndicho watu wanachokisifu tangu 1947?

Binti yangu wa miaka miwili na nusu ndiye aliyenifumbua macho. Usiku wa tatu aliweka kidole kwenye picha akasema, "Panya!" Mimi sikuwa nimemwona. Kumbe Clement Hurd, mchoraji, amemficha panya mdogo kila chumba kinapoonekana kwa rangi, na kila mara kahama. Tangu siku hiyo hatufunui ukurasa mpaka panya apatikane, na humo katika kumtafuta ndimo nilimogundua mengine. Saa zilizochorwa chumbani zinaanza saa moja kamili na kuishia saa mbili na dakika kumi. Mwanga unapungua kidogo kidogo huku mwezi ukipanda dirishani, hadi chumba kinabaki giza. Mtoto haambiwi alale, analetewa usiku taratibu.

Kwa hiyo msikisome mbio. Maneno ni machache mno, dakika mbili hazifiki umemaliza na mtoto yuko macho makavu. Sisi tunachukua robo saa.

Kitabu ni cha Kiingereza, namtafsiria papo hapo. Vina vya mwandishi, Margaret Wise Brown, vinapotea, na hilo liliniuma mwanzoni, kwa sababu utamu mwingi umo mle. Lakini "lala salama" ikirudiwa kwa sauti ya chini inazaa mahadhi yake yenyewe. Nilikwama mahali pamoja tu. Kuna ukurasa mweupe, hauna picha yoyote, na anayeagwa pale ni "hakuna mtu". Nilipomsomea hivyo aligeuka akatazama mlangoni. Siku hizi nanong'ona, "Lala salama, usiyekuwepo." Yeye huupapasa ule weupe kwa kiganja, mara mbili, polepole, kama anayembembeleza mtoto mchanga. Sijui anamwona nani pale, wala simuulizi.

Lawama yangu ni juu ya nakala tuliyonunua, ile ndogo ya kurasa ngumu. Mkononi mwa mtoto inakaa vizuri na haichaniki, ila picha zimebanwa, na kwa taa hafifu ya chumbani panya anakuwa kidoa tu. Usiku mwingine nawasha tochi ya simu, na hapo usingizi wote unaruka. Kama mtasoma mkiwa wawili kitandani, chukueni ile kubwa. Nami nimeshaiagiza.