Hita ya jua kwa maji ya chumvi: uliza maji yako yanapita wapi

Hita yangu ya kwanza ilidumu miezi kumi na minne hapa Kitengela. Siku moja saa nane mchana, jua kali, shawa ikatoa maji vuguvugu. Fundi alipanda paani, akashuka na kipande cha bomba la shaba kutoka kwenye paneli. Katikati palibaki kitundu cha kupitisha njiti ya kiberiti. Kwingine kote ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika, ila huu haukukwanguka hata kwa kisu.

Maji yetu ni ya kisima kirefu, ya chumvi na yenye chokaa. Yakipashwa, chokaa huganda pale penye joto, na kwa hita ya kawaida pale ni ndani ya vibomba vyembamba vya paneli. Hita yenye kibadilisha joto haipeleki maji ya kuoga huko. Kwenye paneli huzunguka glaikoli tu, kimiminika kisichoganda upesi kwa baridi, inapasha tangi kupitia ukuta wa chuma kisha inarudi. Hakuna chokaa mpya inayoingia.

Mambo ya lita ngapi kwa watu wangapi, muuzaji yeyote atakuhesabia. Hili la ukoko hawalisemi. Kuhusu kibadilisha joto mimi niliambiwa, "Hicho ni cha nchi za barafu, mama, utapoteza pesa bure." Kweli, kinazuia paneli kupasuka kwa baridi. Lakini aliyekuwa akiniambia hivyo alijua ninakoishi na maji tunayotumia!

Chaguo langu la kwanza ni Solahart ya Australia, na sifichi kwamba naipendelea. Chukua yenye herufi J kwenye jina la modeli. Ya L hupitisha maji yako moja kwa moja kwenye paneli. Katika J, glaikoli huzunguka kwenye koti linalolizunguka tangi. Ukoko ukijijenga, unatandazwa kwenye ukuta mpana, kwa hiyo joto hupungua polepole bila kitu kuziba.

Ya pili ni tangi lenye koili ndani, yaani bomba lililojizungusha linalopitisha glaikoli. Koili huvaa ukoko upesi kuliko koti, basi usilinunue kama halina mfuniko wa kufungulia ili lisafishwe.

Hita ya mirija ya glasi inayojaa maji yenyewe ni ya bei rahisi, ila kwa maji yetu siishauri. Shawa ya umeme ni ya mpangaji. Tafuta iliyoandikwa ya maji ya chumvi.

Na bei! Unatajiwa ya tangi na paneli, unafurahi, halafu siku ya kufunga inakuja ya stendi, ya vali, ya glaikoli. Glaikoli ndiyo hita yenyewe, inawezaje kuwa nyongeza? Dai iandikwe kwenye risiti, pamoja na ya kuongezea baadaye, maana fundi wa pili alitaka kunijazia maji ya bomba mle mle penye glaikoli.