Biblia ya kusikiliza kwa usiku wenye wasiwasi

Programu hii ya Biblia ya kusikiliza inamfaa Mkristo ambaye wasiwasi humnyima usingizi, kwa kuwa msomaji wake hana haraka, na baada ya mstari wa 10 wa Zaburi ya 46, unaowataka watu watulie, huacha kimya cha kutosha mtu kuomba. Wafilipi 4:6-7, maneno ambayo Paulo aliyaandika akiwa kifungoni, yametanguliwa na maelezo mafupi ya hali yake hiyo, jambo linaloyaongezea uzito. Muziki wa kinanda hauwezi kuzimwa, nao unachosha kweli. Kinachonisikitisha zaidi ni kuachwa kwa Zaburi ya 88, sala inayoishia gizani bila jibu, ilhali walioelemewa ndio hasa wangeihitaji.