TAHADHARI: boti ya kutazama "ndege wa baharini" Kigoma

Ndugu zangu, kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu: boti inatoka Kibirizi kwenda katikati ya ziwa kutazama ndege wa baharini, lipa nusu leo, nafasi zinaisha. Msitume hela.

Anzeni na picha yenyewe. Yule ndege mweupe mwenye kingo nyeusi za mabawa na uso mweusi kama kavaa barakoa si wa Ziwa Tanganyika. Huyo hutaga Fungu Mbaraka, kisiwa cha Bahari ya Hindi upande wa Dar es Salaam. Kwetu utaona shakwe, buabua, mnandi, mdiria na furukombe, na wengi hukaa kandokando, hasa mlango wa Mto Malagarasi kwenye matete. Huko katikati, penye kina kinachofika mita 1,470, utakuwa umelipia petroli ukaangalie maji.

Kishika uchumba wanakitaka kwenye namba ya mtu binafsi, kisha inakuja ile ya siku zote: "jina litakuja la dada yangu". Jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri lifanane na la kwenye leseni ya mwenye boti. Lisipofanana, ghairi hapohapo. Wakidai bei ina kiingilio cha Hifadhi ya Gombe ndani yake, waambie wakupe kumbukumbu namba ya malipo (control number). Kiingilio cha hifadhi hakilipwi mkononi mwa nahodha.

Ukifika ufukweni, unakuta mtumbwi wa mizigo, injini moja, majaketi matatu kwa watu kumi na wawili. Jaketi livae, funga mikanda yote, mwenzako alivute juu mabegani: likipanda hadi masikioni, litakutoka mwilini ukiwa majini. Povu lake ukiliminya likabaki limebonyea, hilo limekufa. Ulizia cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini, usome idadi ya abiria, kisha uhesabu vichwa.

Mafuta ndiyo mtego wa pili, maana mkishafika mbali utaambiwa yamepungua, ongezeni hela. Theluthi ni ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi akiba. Madumu yatikise mwenyewe kabla ya kung'oa nanga. Na kiangazi, kusi likivuma, injini pekee ikizima boti hukaa ubavu kwa mawimbi na kuanza kujaa.

Aliyekwishatuma apige simu mtandao wake sasa hivi kuomba muamala uzuiwe, meseji ya tapeli aitume 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha aende polisi. Meseji zenyewe asizifute.