Bendi ya wastaafu, Jinja: wakodini, ila msiwakalishe

Tulikodi bendi ya wastaafu wa jeshi kwa mashindano ya besiboli ya watoto hapa Jinja, na watu wananiuliza kama hela ilienda bure. Haikwenda bure. Laki sita, usafiri na chakula juu yetu, nao wanapuliza tangu asubuhi hadi jioni.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, kikosi cha nne, kile cha hapa Jinja kilichogeuka Uganda Rifles wakati wa uhuru, 1962. Kiswahili changu nilikiokota kwenye laini za askari, na kwata nilijifunza kwa kuifuata bendi miguu mitupu na watoto wenzangu mpaka mama zetu waje kutukamata. Kwa hiyo bendi naipima kwa miguu kwanza, masikio baadaye.

Miguu bado wanayo. Walipoingia kiwanjani wa kushoto ulitua kishindo kimoja, na vijana wakaacha simu. Mpiga ngoma kubwa amejifunga kitambaa cha madoa ya chui (blanketi la dukani, nimelishika mwenyewe). Tarumbeta zimesuguliwa zikang'aa, ila tromboni moja imezungushiwa utepe mweusi wa fundi umeme na inavuja. Noti za juu haifiki. Mzee mwenyewe anajua, anaziruka bila haya.

Baada ya gwaride kamati ikawaweka kwenye viti vya plastiki chini ya tenti, na pale pale wakapoa. Nililalamika hadi wakasimamishwa.

Mkuu wao hakuwahi kuona besiboli. Nikamwambia, "Afande, mrushaji akiinua mguu, kimya." Akauliza, "Na akisharusha, mama?" Nikamjibu, "Mtoto akikimbia, pigeni." Basi! Kila aliyegonga mpira akakimbizwa na ngoma ndogo, mwendo ukipanda kadiri anavyokaribia nyumbani, kituo cha mwisho ambako anapata pointi. Mchezo wa watoto ni raundi sita tu. Siku hiyo tulitamani ziwe tisa kama za wakubwa.

Hilo ndilo nililolitaka miaka yote. Lugazi ni hapo tu barabara ya Kampala, na watoto wa pale mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, wakawafunga watoto wa Oregon 3-2. Mwaka uliotangulia watoto wa Kampala walikuwa wameipata nafasi hiyo hiyo wakanyimwa viza kwa mambo ya karatasi za umri. Watoto wa namna hiyo wanastahili shaba na ngoma. Spika ya kukodi inayokoroma matangazo ya sabuni haiwafai.

Nyimbo zao ni za zamani, na mwenye harusi ya vijana atafute wengine. Wanataka nusu ya malipo kabla ya kupanda gari na risiti hawatoi, kwa hiyo mweka hazina aende na daftari awasainishe. Chai iwe tayari saa nne. Yetu ilichelewa, mpuliza tuba akavuka barabara kutafuta rolex (chapati ya mayai), na timu ya wasichana ikaingia kiwanjani na bendi isiyo na mngurumo wa chini. Wasichana bado wananidai mngurumo wao.