Gari la kempa la kununua ukiwa Tabora au Kigoma: nimeyapanga magari, kuanzia ninalolipenda hadi nisilolishauri

Kabla hujauliza injini wala kilomita, mwambie dalali alaze siti. Vua viatu, ingia, lala chali kama uko kwako, kaa humo dakika tano. Watu watajaa. Nilipofanya hivyo kwenye yadi moja mjini Tabora, mzee mmoja muuza karanga alisogea dirishani akauliza, “Mwanangu, unaumwa?” Nikamwambia hapana baba, napima kitanda. Alicheka mpaka akatua sinia chini.

Ningefanya hivyo miaka minne kabla, nisingenunua gari langu la kwanza. Lilikuwa Noah, safi kwa macho, siti zote zinalala. Zinalala kweli, ila kati ya siti na siti kuna bonde, na bonde lile ndilo lililopokea kiuno changu usiku wa kwanza pale Uvinza. Asubuhi nilishuka kama niliyeshinda nikipakia magunia ya chumvi.

Nikisema kempa nina maana ya gari lenye kitanda, jiko na maji ndani, unaegesha na kulala. Zile za Ulaya, kama Volkswagen California yenye paa linaloinuka, ni tamu kuzitazama kwenye simu. Lakini nyingi zina usukani wa kushoto, spea zake utaagizia mbali, na zimeundwa kupambana na baridi: hita, kuta nene, vioo viwili viwili. Sisi mwezi wa kumi Tabora tunatafuta upepo. Kigoma nako unyevu wa ziwa unakulowesha shuka, na mbu hawana likizo.

Kwa hiyo nimepanga kwa kipimo hiki: nyumba utajengewa na seremala yeyote, gari hujengewi. Nunua gari ambalo fundi wa Urambo, wa Kaliua na wa Kasulu ameshalifungua mara nyingi hata halitazami mara mbili. Lami imesogea sana upande wetu, lakini raha ya kempa iko pale unapochepuka, na ukichepuka masika unakutana na tope jekundu na fundi mmoja chini ya mwembe.

Namba 1: Hiace 200 ya dizeli, bodi ya mizigo

Hii ilitoka mwaka 2004, na barabarani kwetu iko kila mahali. Ile ndefu ya kawaida ina urefu wa mita 4.7 hivi na upana wa mita 1.7, inapita vichochoro vya Mwanga, Kigoma, bila kukwangua ukuta wa mtu. Isiyo na siti za nyuma ina sakafu ya mizigo ya mita 3. Weka kitanda cha mita 1.9, bado una zaidi ya mita moja ya jiko, ndoo na begi. Kimo cha ndani ni mita 1.3: utakaa, utapiga magoti, hutasimama. Kama kuvaa suruali ukiwa umelala kunakuudhi, tafuta ile pana yenye paa refu, inayofika mita 1.6 ndani. Mimi nimezoea.

Nasisitiza bodi ya mizigo. Hiace iliyostaafu udaladala itakuja na sakafu iliyotobolewa kila mahali zilipofungwa siti, mlango wa pembeni uliochoka kufunguliwa mara mia kwa siku, na difu inayoimba. Rangi mpya haikupi kitu hapo.

Injini za dizeli utakazokutana nazo zaidi ni 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3. Zote zina nguvu ya kutosha, na zote zina ugonjwa mmoja: nozeli zake hazitaki dizeli chafu. Ukinunua mafuta ya madumu kijijini, utayalipa mara mbili, kwanza kwa muuzaji, halafu kwa fundi wa pampu. Jaza tanki mjini, beba dumu lako safi, badilisha chujio la dizeli mapema kuliko kitabu kinavyosema. Ukiona moshi mweusi au injini inagonga asubuhi ikiwa baridi, ondoka. Asiyependa presha hizi aitafute Hiace ya zamani yenye injini ya 3L au 5L. Haina haraka, haina kompyuta za kukusumbua, na inavumilia mengi.

Kasoro moja wauzaji hawaitaji: injini iko chini ya siti za mbele. Ukitoka Tabora asubuhi ukafika Malagarasi alasiri, joto lote lile linapanda ndani jioni, wakati wewe unataka kulala. Fungua milango yote kwa nusu saa, pika nje kwanza.

Namba 2: Noah ya zamani

Nimeisema vibaya, na bado naiweka ya pili. Ile ya kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, injini ya petroli ya 3S ya lita 2, inaendeshwa na tairi za nyuma, na ukibahatika unaikuta yenye uwezo wa tairi zote nne. Fundi wa baiskeli tu ndiye asiyeijua. Bei yake ndiyo nafuu kuliko zote hapa ukiacha Kirikuu (Suzuki Carry), na kwa watu wawili wembamba wanaopendana inatosha.

Dawa ya bonde ni kung'oa siti za nyuma na kulaza ubao. Mimi nililipia elimu hiyo kwa mgongo. Ile mpya, iliyotoka kuanzia mwaka 2001, inaendeshwa na tairi za mbele kama si ya nne kwa nne, na tumbo lake liko chini zaidi. Kwa lami ni nzuri. Kwa njia ya mashamba ya tumbaku mwezi wa pili, mpigie simu mwenye trekta kabla hujatoka nyumbani.

Namba 3: Coaster, kama mna watoto

Mtu wa kimo cha kawaida anasimama ndani. Ukipata yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, ni ileile iliyobeba Land Cruiser nyingi nchi hii, hutakosa fundi. Ila ni nyumba kweli: kuiegesha ni kazi, tairi ni sita, na kila kijiji watakusimamisha wakidhani unapakia abiria. Mama watoto aliipenda sana. Akaunti haikuipenda.

Namba 4: Land Cruiser yenye mkonga, hema juu ya paa

Itafika popote, hadi ndani kabisa ya miombo ya Ugalla. Na utalala juu, kwenye upepo. Sasa mbona ya nne? Kwa sababu pesa ya gari hilo inanunua Hiace na inabaki, na kwa sababu hema la juu ni ngazi saa nane usiku ukiwa na haja ndogo na mvua ya Kigoma inamwagika. Kama kazi yako tayari imekupa gari hilo, ongeza hema na usisome zaidi.

Caravan ya Nissan na Delica ya Mitsubishi naziweka pamoja, namba 5. Si magari mabaya. Delica ya nne kwa nne inapanda milima ya Kasulu vizuri kuliko Hiace yangu. Lakini spea yake ikikosekana utasubiri basi la kesho kutwa lije na boksi kutoka Dar.

Ya mwisho ni Alphard. Najua. Siti za sofa, taa za rangi, mlango unajifunga wenyewe. Tumbo liko chini, kila kitu kinaendeshwa na umeme, na ukiondoa zile siti ili uweke kitanda umeondoa sababu ya kuinunua. Kwa harusi, chukua.

Kirikuu sijaipa namba, maana wengine watacheka. Rafiki yangu mfuga nyuki wa Sikonge analala kwenye Suzuki Carry aliyoifunga kibanda cha mbao nyuma, peke yake, mshazari, na ndiye anayesafiri kuliko sisi sote.

Rangi

Hili linastahili kichwa chake. Mitego ya mbung'o hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu rangi hizo zinawavuta. Tena mbung'o hufuata kitu kinachotembea. Sasa chukua Noah ya bluu iliyokolea, ipeleke polepole kwenye pori la mbung'o upande wa Kaliua. Nilikuwa ndani ya gari la namna hiyo, la shemeji yangu. Walitua kwenye vioo kama mvua ya mawe, tukafunga madirisha, kiyoyozi kibovu, tukapikika. Nyuma yetu Hiace nyeupe ilikuja na mbung'o wachache tu. Nyeupe pia inapunguza joto la paa. Usikubali dalali akuambie rangi ni urembo.

Nyumba ya ndani

Mbao tunazo, mninga wa Tabora hauhitaji sifa zangu. Ila ni mzito kwa kila kitu, kwa hiyo fremu ya kitanda mninga, kabati na meza plaiwudi nyepesi. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya godoro na ukuta ili hewa ipite, la sivyo Kigoma godoro litaota ukungu kwa chini kabla ya mwaka. Madirisha mawili yanayotazamana yafungwe wavu wa mbu kwa sumaku au kwa utepe wa kunata, uweze kulala yakiwa wazi. Hilo peke yake linashinda feni.

Feni na friji vinahitaji sola, na hapa watu wengi wanaibiwa kwa hesabu. Paneli ya wati 200, ikipata jua lenye nguvu kwa muda wa saa tano, ni wati-saa 1,000 kwenye karatasi. Kwa kweli utapata kama 700, kwa sababu paneli imelala juu ya bati la moto na vumbi halifutwi. Friji ndogo ya kompresa ya volti 12 kwa joto letu inaweza kula 300 hadi 500 kwa siku. Zinazobaki ni taa, simu na feni. Inatosha, ila haitoshi kuchemshia chai, kwa hiyo usidanganywe na inveta kubwa, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Betri ya kawaida ya risasi ya volti 12, Ah 100, usiitumie zaidi ya nusu, maana yake una wati-saa 600 tu mkononi. Ya lithiamu yenye ukubwa huohuo inakupa karibu zote, na inadumu miaka mingi zaidi. Vyovyote vile itenganishe na betri ya kuwashia gari, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, siyo kule kwenye taa. Nimeona waya uliokosa fyuzi ukiyeyuka ndani ya kabati la nguo.

Friji nimeitetea kwa sababu moja: migebuka. Ukinunua asubuhi Kibirizi, unataka ifike jioni ikiwa samaki bado.

Gesi: mtungi wa kilo 6 ukae kwenye sanduku ambalo tundu lake la chini linatokea nje ya gari, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na huzama. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa limebaki jivu jekundu tu. Hewa yake haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Makaratasi na uvungu

Umri peke yake hauniogopeshi. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, na ikarudi kubeba abiria wa Kigoma. Lakini Liemba haikulipiwa ushuru wa uchakavu. Ukiagiza Japani, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 kuna nyongeza inayopanda na umri wa gari na ukubwa wa injini, basi pitisha gari lako kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti. Ukinunua hapahapa, usilewe na “namba E”. Herufi inaonyesha lilisajiliwa lini nchini, siyo liliundwa lini. Ukiondoa siti au kubadili bodi, kadi ifuate, la sivyo kila kizuizi utaeleza upya.

Halafu ingia uvunguni na tochi. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji yametembea miaka kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi, na kutu yake imejificha juu ya springi na kwenye mishono ya fremu. Gonga na bisibisi. Ikizama, mrudishie funguo.

Usiku ukifika, kijijini nenda kwanza kwa mwenyekiti, mjini omba uwanja wa gesti na uwalipe kidogo. Kigoma ni mpakani, kitambulisho cha NIDA kikae mfukoni, siyo chini ya godoro. Mwenyekiti mmoja ng'ambo ya Malagarasi aliniambia niegeshe mbele ya mlango wake, akalizunguka gari mara mbili, akachungulia kitanda, akauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha ndoo. Akaita mwanawe, akamwambia amwonyeshe mgeni choo cha nyumbani.