Valvu ya P40 ya liva mbili kwa Massey 135: chuma kizuri, maelezo ya kaunta mabovu

Ukiingia duka la spea Mombasa kutafuta valvu ya kuinulia trela ya tipa kwa trekta ya Massey Ferguson 135, huenda ukawekewa P40 ya liva mbili. Kwa chuma chenyewe hatuna lawama. Bodi ni kipande kimoja, inapitisha lita 40 kwa dakika, na liva hurudi katikati zenyewe bila kukwama. Ubaya ni lile neno la kaunta, "funga tu, itafanya kazi."

Haitafanya. P40 ikiwa katikati huacha oili ipite wazi kurudi ilikotoka. Pampu ya 135 nayo imezama kwenye oili ya gia boksi, na husukuma pale tu liva ya trekta ya kunyanyulia inapoiruhusu. Ukiunga tii (kiungo cha njia tatu) kwenye njia ya presha juu ya kifuniko cha haidroliki, mikono ya nyuma itashuka yenyewe na plau lake, kwa sababu oili iliyoishikilia imepata mlango. Tipa nayo haitanyanyuka mpaka liva hiyo ya trekta isogezwe hadi sehemu ya kupampu mfululizo.

Kinachohitajika ni valvu ya kugawa njia, inayofungia mikono oili yake na kuelekeza ya pampu kwenye P40. Kwenye boksi haimo. Inunue kwanza, au uache kazi.

Mashimo ya P40 ni ya BSP, yaani meno ya Kiingereza; NPT ni ya Kimarekani. Hapa ndipo wengi huumia: nusu inchi ya BSP na ya NPT zote zina meno 14 kwa inchi, kwa hivyo nipeli ya Kimarekani huingia mizunguko miwili mitatu ukadhani imekubali, kisha ikavuja ikipata presha. Usizibe kwa tepu ya mabomba, vipande vyake hukwama ndani ya valvu. Tumia washa ya chuma yenye mpira ndani. Paipu ya presha iwe ya matabaka mawili ya nyaya, inchi 3/8. Ya kurudisha iwe nusu inchi, iende moja kwa moja kwenye gia boksi bila valvu yoyote ya kuifunga.

Tipa ya silinda inayosukuma upande mmoja hutumia tundu moja kati ya mawili ya liva yake. La pili usilizibe kwa plagi: ukishusha, oili yote itapita kwenye rilifu (valvu ndogo inayopunguza presha ikizidi) na kuchemka. Liunge na njia ya kurudisha. Rilifu yenyewe ipunguzwe hadi baa 150 kwa kutazama geji. Kukadiria kwa sikio hakufai.

Tena pima oili. Silinda ya upana wa milimita 100 na mwendo wa 600 humeza lita 4.7 ikinyooka yote, na zote zimetoka kwenye gia boksi. Ukisikia pampu ikilia tipa ikiwa juu, inanyonya hewa. Ongeza oili tipa ikiwa imeshuka, kisha uangalie kijiti cha kupimia oili tena.

Kwa bei ya chini, tungeichukua tena. Ila ncha za vijiti vya valvu vinavyosukumwa na liva ziko wazi, na upepo wa chumvi huku pwani hauzionei huruma: zipake grisi na uzivishe mpira kabla ya kutu kutafuna sili.